Hatua Tatu za Gandoru

Ganzi ilimwanzia Wamalwa kwenye nyayo, mwezi wa tano mwaka 2006, akiwa kazini kwenye stoo ya mahindi pale Kitale. Alidhani ni viatu. Wakati wa chai ya saa nne alivivua, akavikung'uta, akasugua vidole vya miguu, na hapo akaona jambo geni: kiganja kilijua kinashika miguu, lakini miguu haikujua kwamba inashikwa. Akavaa viatu, akarudi kubeba.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, na katika stoo ile hakuna aliyemfikia kwa mwili. Wenzake walimwita Tinga, kwa kufupisha tingatinga, kwa sababu gunia la kilo tisini alilichukua kama wewe unavyochukua mto wa kulalia. Siku akiwa na furaha alibeba mawili, moja kila bega, akapanda nayo ubao wa lori bila kushika popote. Hakuwa mtu wa kujisifu. Alizaliwa Mabanga, nje kidogo ya Bungoma, akaikuta nguvu mwilini kama mwingine anavyokuta urefu, naye akaitumia.

Siku ya tatu alishindwa kupanda ubao. Magoti yalilegea akiwa katikati, gunia likateleza likapasuka, mahindi yakamwagika mpaka barabarani. Msimamizi wao, mzee Chesang, hakumkaripia. Alimtazama alivyokuwa amekaa juu ya mahindi akijaribu kuinuka kwa mikono, akaita watu wawili wamshike. Jua lilipotua Wamalwa alikuwa kitandani hospitalini, na ganzi imefika kiunoni.

Daktari alimweleza kwa mfano wa nyaya za stima. Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi, akasema, na mara chache sana, baada ya homa au tumbo kuharibika, askari hao hukosea. Huanza kula ngozi ya nyaya zinazopeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli. Misuli yenyewe ni mizima. Habari ndiyo haifiki. Wamalwa aliuliza itakuwaje akijaribu kwa nguvu zaidi. Daktari alisema hilo si jambo la kujaribu. Ganzi ingepanda mpaka ichoke kupanda, kisha ingeshuka yenyewe taratibu, na kazi yao pale ilikuwa kuhakikisha anaendelea kupumua.

Wamalwa alisikiliza kama anayesomewa barua ya jirani. Alijua anapaswa kuogopa. Lakini woga nao ulikuwa kama miguu yake: alijua upo mahali fulani chini ya blanketi, ila hakuuhisi.

Mama yake, Rahab, alifika kesho yake kutoka Mabanga na chupa ya uji na Biblia iliyofungwa kwa leso. Alimwita papa, yaani baba kwa Kibukusu, kama alivyomwita tangu utotoni, kwa kuwa Wamalwa alikuwa amerithi jina la baba yake Rahab. Alimlisha kwa kijiko. Mikono ya Wamalwa ilikuwa imelala kando yake, mikubwa, yenye sugu, nayo ilimtia aibu kama wageni waliokuja kula na hawasaidii kitu.

Mtu wa pili kufika alikuwa Alwi.

Yeye na Wamalwa walijuana tangu kidato cha kwanza, Bungoma. Alwi alikuwa mdogo wa mwili na macho yake hayakuona ubaoni, na kabla hajapata miwani Wamalwa ndiye aliyemnong'onezea yaliyoandikwa. Baada ya shule Wamalwa alikwenda Kitale kutafuta kazi ya mwili. Alwi alibaki mjini Bungoma akafungua duka la sidii karibu na msikiti. Alikuwa na filamu za kila aina, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye katuni za Kijapani, ambazo wakati ule wengi waliziona ni mambo ya watoto. Alimwambukiza Wamalwa. Kila mwisho wa mwezi Wamalwa alipokwenda nyumbani alipitia dukani kwanza, na mama yake alikuwa amezoea kumwona akifika Mabanga jioni badala ya mchana.

Moja waliipenda kupita zote. Ilikuwa ya wapiganaji katika mji uliochimbwa ndani ya mwamba, na ndani yake mlikuwa na Gandoru, mwana wa mchonga mawe, ambaye hakuwa na kipawa chochote ila nguvu. Wengine waliruka, walitoa moto, walisimamisha maji. Gandoru aliinua vitu. Aliwahi kuubeba mlango wa ngome mgongoni kutwa nzima. Na mlikuwa na Shirame, mtu mwembamba wa sauti ya chini, ambaye hakupigana hata kidogo. Alikunja tu mkono wake wa kushoto, polepole, na mwili wa mtu aliyekuwa mbele yake ukaacha kumtii mwenyewe.

Hawa wawili walikutana katika sehemu ya kumi na tisa. Shirame akakunja mkono. Gandoru akaganda kama nguzo. Na hapo, mahali pale pale, sidii ya Alwi ilikuwa na mkwaruzo. Picha iliruka kama sekunde nne, na iliporudi Gandoru alikuwa anatembea. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaanguka kifudifudi, na sehemu ikaishia hapo.

Walizibishania hatua hizo tatu kwa miaka minane.

Wamalwa alisema Gandoru aliikata ile nguvu ya Shirame kwa nguvu zake mwenyewe. Mtu anayebeba mlango wa ngome kutwa nzima, alisema, hata roho yake imekuwa nzito, huwezi kuikunja kama karatasi. Alwi alisema hilo haliwezekani kabisa. Nguvu za mwili huvuta kitu au husukuma kitu, na mkononi mwa Shirame hamkuwa na kamba ya kukatwa. Akampa mfano wa ng'ombe dume. Daktari wa mifugo anamdunga sindano, ng'ombe analala, hata kama jana alivunja boma. Wamalwa akajibu kwamba ng'ombe dume anahitaji dawa nyingi kuliko mbuzi. Alwi akasema ni kweli, lakini analala. Wakaendelea hivyo mwaka hadi mwaka, kwa simu, kwa ujumbe mfupi, kwenye harusi ya binamu yake Alwi, mara moja hata kwenye foleni ya kupiga kura. Hakuna aliyewahi kumwachia mwenzake.

Sasa Alwi alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Ganzi ilikuwa imefika kifuani, na Wamalwa alisema maneno mawili matatu kisha akapumzika. Alwi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Alitoa salamu za dada yake Mulki. Alisema mvua imeharibu barabara ya Kanduyi. Halafu akatazama mikono ya rafiki yake ilivyolala.

"Nimeipata," akasema mwishowe. "Ile sidii. Safi, haina mkwaruzo."

Wamalwa akageuza macho. "Na?"

"Aliikata. Gandoru aliikata na nguvu zake tu, hakuna kitu kingine pale. Ulikuwa sawa, bana. Miaka yote hiyo."

"Lete nione."

"Ilikuwa ya jamaa wa Eldoret, ameshaichukua. Lakini mimi nimeona na macho yangu."

Wamalwa alisubiri furaha. Alikuwa ameisubiri miaka minane, na mara nyingi njiani kutoka Kitale alikuwa ameifanyia mazoezi kichwani, maneno atakayosema, jinsi atakavyocheka. Haikuja. Alilala akisikia hewa ikiingia na kutoka kifuani kwa shida. Akasema sawa. Alwi akamgusa begani, mahali ambapo bado palihisi, akaondoka haraka kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mama Rahab, aliyekuwa mlangoni na chupa yake, aliuliza ni nini hicho kilichokatwa. Wamalwa hakuwa na pumzi ya kueleza katuni. Alisema tu kimekatwa. Mama akaelewa alivyoelewa, na Jumapili ile wanawake wa kanisa kule Mabanga walisimama wakashukuru kwamba ugonjwa umekatwa.

Ganzi ilisimama kwenye mifupa ya shingo siku ya kumi na moja. Haikupanda tena, wala haikushuka. Wiki tatu Wamalwa alitazama dari, ambayo ilikuwa na alama ya maji yenye umbo la jembe. Wenzake wa stoo walikuja wakasimama miguuni mwa kitanda na kofia mikononi, wakamwita Tinga, wakaondoka. Hakutamani wabaki wala waende.

Alikuwa na kazi moja tu. Kila asubuhi, baada ya kupanguswa uso, alifumba macho akaliita dole gumba la mguu wa kulia. Aliliita kwa nguvu zote alizowahi kuwa nazo. Alijiwekea kichwani gunia la tisini, kisha mawili, kisha mlango wa ngome, akakumbuka maneno ya Alwi, aliikata na nguvu zake tu, akasukuma. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, mahali pekee palipojua kutoa jasho. Muuguzi alidhani ana homa. Dole halikusogea. Kesho yake akasukuma tena.

Siku lilipotikisika hakuwa anasukuma chochote. Mama alikuwa anapooza uji kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, naye alikuwa anautazama ukishuka, hana wazo lolote. Dole likacheza chini ya shuka, mara moja, lenyewe, kama kitu kisichomhusu. Hakumwambia mtu. Mchana likacheza tena, na muuguzi akaliona, akaita watu.

Mwezi wa saba walimpeleka Mabanga kwenye pikapu ya jirani, amelazwa juu ya godoro na mama ameshika kichwa chake. Mara mbili kwa wiki pikapu hiyo hiyo ilimpeleka Bungoma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa Mlima Elgon aitwaye Chelimo, asiyecheka wala asiyeinua sauti. Chelimo alikunja miguu yake na kuikunjua kama anayepima kitambaa. Misuli ya mapaja ilikuwa imekwisha. Wamalwa aliitazama miguu yake myembamba kama ya Alwi na akawaza jambo hilo tu, kwamba ni kama ya Alwi, bila uchungu.

Alwi mwenyewe alikuja Mabanga mara mbili. Alikaa ukingoni mwa kiti, akanywa chai, akasema duka lina kazi nyingi. Wamalwa alipotaja Gandoru, Alwi alibadilisha mazungumzo. Wamalwa akafikiri ni kawaida, kwamba ugonjwa mrefu huchosha marafiki. Hakumlaumu. Kulaumu nako kulihitaji kitu ambacho hakuwa nacho.

Mwezi wa nane, mwishoni, Chelimo alimsimamisha kati ya vyuma viwili, akamwondolea fimbo aliyokuwa ameanza kujikokota nayo, na kumwambia atembee bila kushika kitu. Wamalwa aliuma meno, akakaza shingo, na mguu ukagoma.

"Nani amekuambia usukume?" Chelimo akauliza.

"Sasa nifanye nini?"

"Peleka tu mguu mbele. Sio gunia hilo."

Akaacha kusukuma. Mguu ukaenda. Akaupeleka wa pili, na ule wa kwanza tena, ndipo magoti yalipoyeyuka na Chelimo akamdaka kwa mkanda wa suruali na kumkalisha kwenye benchi. Hatua tatu. Chelimo aliandika kitu kwenye kadi yake akamwambia arudi Alhamisi. Wamalwa alikaa pale akipumua, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano akatamani kumwambia mtu jambo. Alimwomba jirani wa pikapu ampitishe dukani kwa Alwi.

Ilikuwa saa kumi ya jioni na Alwi alikuwa msikitini kwa sala ya alasiri. Mulki ndiye aliyekuwa dukani, akipangusa rafu. Alimsaidia kukaa, akamletea chai, akamwuliza anataka aangalie nini akimsubiri kaka yake. Wamalwa akasema ile ya Gandoru, sehemu ya kumi na tisa.

"Ile mbovu au ile safi?" Mulki akauliza.

Wamalwa alisema alidhani ile safi ilirudi Eldoret.

"Haijatoka hapa," Mulki akasema, ameinama chini ya meza. "Ameileta mwezi wa tano, akaangalia mara moja, akaificha huku. Watu wakiuliza anasema haipo. Mimi nilifikiri amekuwekea wewe."

Akaitia kwenye deki.

Picha ilikuwa safi, na rangi za mwamba zilikuwa tofauti na alivyozikumbuka. Shirame akakunja mkono. Gandoru akaganda. Safari hii picha haikuruka. Shirame aliutazama mkono wake mwenyewe, kidogo, kama mtu anayetazama saa. Kisha akaufungua. Maandishi ya chini yakasema: Tembea, nikuone. Gandoru akatembea, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Shirame akaukunja tena. Gandoru akaanguka.

Wamalwa alikaa na mikono juu ya mapaja. Mulki alikuwa amerudi kwenye rafu zake. Chai ilipoa. Alijitafuta ndani kama mtu anayepapasa mifuko: hasira, aibu, kicheko. Mifuko ilikuwa mitupu yote.

Alwi aliingia na kofia yake ya kusalia bado kichwani. Aliona kioo cha televisheni, ambapo Gandoru alikuwa amelala kifudifudi na picha imesimamishwa, akabaki mlangoni.

"Umeiona," akasema.

"Uliniambia aliikata."

"Nilikuambia."

Mulki aliwatazama wote wawili, akachukua ndoo akatoka nje ingawa hakukuwa na cha kuchota.

Alwi akakaa kwenye kreti ya soda. Alisema siku ile kabla ya kuingia wodini daktari alikuwa amemsimamisha nje na kumwambia ganzi ikipanda kidogo tu tena, huenda rafiki yake asiweze kupumua mwenyewe. "Halafu niingie nikuambie nini?" akauliza. "Ati Gandoru aliachiliwa?"

"Ndiyo."

"Ungefanya nini na hiyo, Wama?"

"Ningekataa," Wamalwa akasema. "Ningekuambia unadanganya. Ningekuwa na kitu cha kukataa. Wewe ulinipa ushindi ukaenda zako, nikabaki nao pale kitandani peke yangu. Kila asubuhi nilisukuma kidole na hayo maneno yako. Hakikusogea."

Alwi alivua miwani. "Sikujua ungeyatumia."

"Hata sijakasirika," Wamalwa akasema. "Natafuta hasira, siioni."

Nje mtu alikuwa anaita bei ya nyanya. Alwi akasema samahani, kwa sauti ambayo Wamalwa hakuwahi kuisikia kwake, na Wamalwa akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa ndivyo watu wanavyofanya. Kisha akamwambia arudishe picha nyuma.

"Ya nini?"

"Rudisha tu."

Alwi akarudisha. Walitazama mara mbili. Mara ya tatu Wamalwa akasema simamisha hapo, hapo Shirame anapotazama mkono wake. Akauliza kwa nini anautazama. Alwi akasema ni dharau, anajionyesha. Wamalwa akasema angalia kidole kidogo, kinatetemeka. Amemshika mtu mzito na amechoka. Amefungua kwa sababu hakuwa na la kufanya, halafu akasema tembea nikuone ili watu wasijue.

"Labda," Alwi akasema kwa upole.

"Usiniambie labda. Kama si kweli, sema si kweli."

Alwi alimtazama, fimbo iliyoegemezwa ukutani, suruali iliyomzidi, shingo iliyobaki ngozi. Akageukia televisheni. Akasogeza kreti karibu na kioo.

"Si kweli," akasema. "Tazama ukuta nyuma yake. Nao unatetemeka. Ni picha yote inayocheza, aliyenakili alinakili vibaya. Ukisema Shirame amechoka, utasema na ukuta umechoka."

Wamalwa akatazama. Ukuta ulikuwa unatetemeka.

Wamalwa alijisogeza mbele kwenye kiti. Akasema sawa, tuache kidole. Shirame aliwafunga watu sita kabla ya Gandoru, na hakumfungulia hata mmoja. Kwa nini huyu tu? Alwi akajibu kwamba hao sita hawakuwa na maana, hakuna anayecheza na panya aliyekwisha kufa. Wamalwa akasema au hawakumgharimu kitu. Labda nguvu haizuii ule mkono usikunjwe, akasema, ila inaufanya uwe mzito kuubakiza umekunjwa. Alwi akasema hilo ni jambo la kubuni kichwani, halimo kwenye picha. Wamalwa akasema dharau nayo haimo, ameisoma tu usoni. Alwi akasema maandishi yako pale chini, tembea nikuone, dharau gani nyingine anataka. Sauti yake ilikuwa imepanda. Mkono wake ulikuwa unakata hewa kama zamani, na hakuwa tena anamtazama Wamalwa kama mtu aliyebebwa kwenye pikapu.

Mulki alirudi na ndoo tupu, akawaomba wapunguze kelele, kuna mteja.

"Hata akiwa amechoka," Alwi akasema, sasa kwa sauti ya chini, "mwisho wake Gandoru ameanguka."

"Ameanguka," Wamalwa akakubali.

Hakuwa ameshinda, na Alwi hakumwambia kwamba ameshinda. Pikapu ilipopiga honi Alwi alitembea naye hadi barabarani, kwa mwendo wa fimbo, bila kumshika mkono. Njiani Wamalwa alimweleza kuhusu vyuma vya Chelimo na hatua alizopiga mchana ule. Alwi aliuliza kama zilimuuma. Hazikuuma, Wamalwa akasema, hazikuwa na kitu chochote.

Mwezi wa kumi na moja alirudi Kitale, kuchukua vitu vyake kwenye chumba alichokuwa amepanga. Alipitia stoo kusalimia. Uani kulikuwa na mahindi mapya yameanikwa kwenye maturubai, manjano mpaka ukutani, na watu walikuwa wakiyageuza kwa miguu. Kwenye ubao wa lori alipita kijana mmoja mpana, mgeni kwake, na magunia mawili. Mtu akapaza sauti kutoka ndani, Tinga, leta hapa, na Wamalwa akageuka kabla ya kujua kwamba hakuitwa yeye. Kijana aliitwa Wekoye, na alikuwa amechukua nafasi yake tangu mwezi wa sita. Alimpa Wamalwa mkono kwa heshima, kwa mikono miwili, kama mtu anayemsalimu mzee.

Mzee Chesang alimtazama akitembea toka langoni hadi kivulini. Hakusema pole. Alisema yule mwanamke wa kushona midomo ya magunia ameolewa Kapenguria na kiti chake kiko wazi. Wamalwa alisema vidole vyake bado havijui vizuri kinachoshikwa. Chesang akasema gunia halina haraka.

Akabaki. Alipewa kigoda, uzi wa katani na sindano ndefu ya kushonea, iliyopinda nchani. Siku za kwanza alijichoma mara nyingi bila kujua, hadi alipoona nukta nyekundu kwenye gunia. Alishona polepole. Wengine walijaza, wakapima, wakaleta, naye akafunga mdomo, akakata uzi kwa meno. Mchana walikula pamoja na hakuna aliyemwuliza mengi. Jumapili alikwenda Bungoma.

Ijumaa moja, kabla ya saa tisa, mvua ilitoka upande wa mlima bila onyo. Kila mtu akakimbilia maturubai. Walishika pembe, wakakunja, wakaburuta mahindi chini ya paa huku wakipigiana kelele. Wamalwa alikuwa katikati ya kushona gunia, uani, na fimbo yake ilikuwa ukutani hatua ishirini kutoka alipokaa. Alihesabu kwa macho akaona hatafika. Akaendelea kushona. Maji yalimpiga kichwani na mgongoni, na alijua ni baridi kwa sababu meno yalianza kugongana.

Akasikia miguu ikija. Wekoye alilitupa lile gunia lililoshonwa nusu begani, kisha, bila kuuliza, akapitisha mkono mwingine chini ya mapaja ya Wamalwa na kumwinua pamoja na kigoda. Alikimbia nao, gunia bega hili, mtu bega lile, akavuka uani na kuwatua wote wawili chini ya paa, kwa uangalifu, gunia kwanza.

"Wewe ni mwepesi, bana," akasema, bila ubaya wowote, na kurudi mvuani kushika pembe ya turubai.

Wamalwa alikaa alipowekwa. Maji yalimtoka kwenye nywele na kuingia kwenye kola. Watu walipita mbele yake wakibeba, wakiteleza, wakicheka sasa kwa kuwa mahindi mengi yalikuwa yameokolewa. Sindano ilikuwa bado mkononi mwake. Alilivuta lile gunia lililolowa katikati ya magoti, akatafuta mahali alipoachia uzi.